Mzee wa Chumba cha Saba

Jumatatu, 6 Oktoba

Namshukuru Aliyenirudishia macho, na kwa macho hayo naanza daftari hili. Daktari aliyeniondoa mtoto wa jicho ameagiza nisome kidogo kila siku, niandike kidogo, nipumzike zaidi. Nimehamia kwa mwanangu kwa muda wa mvua, kwa kuwa paa la nyumba yangu limeezuliwa ili libadilishwe mabati, na mvua haikuwa na adabu ya kumsubiri fundi.

Nyumba hii ina vyumba vitano. Viwili vya mbele ni karakana ya mwanangu. Humo hutengenezwa michezo ya kompyuta, ambayo wao huiita gemu. Wafanyakazi wenzake humwita Fundi. Mimi nilimpa jina la mwanachuoni mmoja wa kale, lakini tangu nifike sijasikia mtu akilitumia.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua kutwa. Kelele ya karakana haikomi: vitufe, vicheko, viti vya magurudumu. Nimehama kiti mara nne.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo nimefahamu wanachokigombania tangu nilipofika.

Mwanangu alipokuwa na umri wa miaka ishirini alitunga mchezo alioupa jina la Nyumba Isiyolala. Mtoto mwenye taa huamka akakuta milango yote imefungwa, naye hupita vyumba ishirini na kimoja akitafuta njia ya kutoka. Walioucheza wakiwa wadogo sasa ni watu wazima wenye nyumba zao, nao wanautaka tena, lakini mashine za siku hizi haziupokei. Nakumbuka vyema ulipotungwa, kwa kuwa kwa ajili yake aliacha masomo ya dini niliyomwandalia. Tulinuniana siku chache, yakaisha.

Mabishano yalizuka mezani mchana. Alikuwepo Wakala, mjumbe wa kampuni itakayousambaza mchezo, mtu mwenye simu mbili na subira hana hata moja.

"Fundi, nisikilize," alisema. "Mtoto na taa nani anamtaka leo? Chukua jina, mengine tupa. Nyumba iwe mji, mtoto awe kijana, mpe bunduki. Jina ndilo linalouza."

"Bunduki tena!" alidakia binti mchoraji wanayemwita Rangi. "Wewe hata kitanda cha mgonjwa ungekitia bunduki. Mimi nasema tuijenge upya. Vyumba vilevile, hadithi ileile, lakini kila ukuta niuchore mwanzo mwisho, na yule mtoto atembee kama mtu. Sasa hivi anatembea kama kaa."

"Kaa wangu mwache," mwanangu alisema. "Mimi nataka watu waone walichokiona, ila bila vumbi. Basi."

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, mwalimu wa hesabu asiyejua kunyamaza, akanigeukia. "Baba, na wewe? Umekaa kimya kama hakimu."

Nikawajibu kwamba chuoni kwetu mambo haya yalikuwa na mipaka yake. Nakala ya kitabu ikififia, unaipangusa na kuukoleza wino uliokwajuka, wala huongezi nukta: huko ni kung'arisha. Nakala ikiwa haishikiki tena, mwandishi mwingine huketi na karatasi mpya akaandika kitabu kilekile, na mkono wake utaonekana hata asipotaka: huko ni kuunda upya. Na yupo atakayelichukua jina la kitabu akatunga kingine: huko ni kuanzisha upya, kama mtoto aliyepewa jina la babu yake, jina ni la babu, meno ni yake mwenyewe. Zote tatu ni kazi halali. Haramu ni moja tu, kufanya hii ukaiita ile.

Kisha Wakala akasema, "Mzee, hamia ofisini kwetu," na Rangi akacheka hadi akapaliwa na chai. Binti yule hucheka kwa urahisi mno. Sidhani kama ana uzito wa kutosha kwa kazi ya kurithisha kitu.

Jumanne, 14 Oktoba

Wameamua: mchezo utang'arishwa. Wakala amekubali kwa shingo upande na amewatangazia wanunuzi kwamba hakitaguswa kitu isipokuwa usafi wa picha na wa sauti, na kwamba utatoka tarehe tano Desemba.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mwanangu amenijia baada ya adhuhuri na ombi. Alisimama mlangoni, hakuketi.

"Baba, nina shida ya macho."

"Macho mabovu hapa yalikuwa yangu."

"Ya kwangu na ya wenzangu. Tumeicheza hii gemu miaka na miaka. Tukiitazama tunaona tunayoyakumbuka, hatuoni kilichopo. Jana nimeapa kwamba ngazi ya chumba cha pili ina vidato saba. Nimehesabu: sita. Nataka mtu ambaye hajawahi kuicheza. Na wewe kulinganisha nakala ndiyo kazi uliyosomea."

Ni kweli. Kwa miaka kumi na miwili kabla sijaanza kufundisha, nililinganisha nakala. Mmoja husoma asili kwa sauti, mwingine huishika nakala mpya, na macho mawili hayatazami karatasi moja. Msomaji husema aonacho. Mshikaji hujibu "sawa" au "tofauti". Likishatoka neno "sawa", limeshakuwa ushahidi. Mwalimu wangu alikuwa na sheria moja isiyokuwa na huruma: mlinganishaji akigundulika kuficha tofauti moja, hata ya nukta, kazi yake yote huwekwa kando, na kitabu huanzwa upya kutoka ukurasa wa kwanza.

Nimekubali. Nimefurahi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Tumeanza. Meza mbili zimewekwa zikipeana migongo. Mkwe wangu yupo likizo, na kwa kuwa aliumaliza mchezo huu utotoni mara zisizo na idadi, yeye anaiendesha mashine ya zamani na kusoma. Mimi ninaiendesha nakala mpya kwa kile kishikio chenye vitufe. Saa nzima mtoto wangu mwenye taa aligonga kichwa ukutani.

"Baba, mwachie kidole. Usimkabe."

"Sijamkaba. Yeye ndiye hataki kugeuka."

"Hamna, ni kulia kwako, si kulia kwake."

Hatukumaliza chumba cha kwanza.

Jumatano, 22 Oktoba

Chumba cha kwanza kimekwisha. Tofauti mbili, ndogo. Mvua imepasua mfereji wa paa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Tupo chumba cha nne. Tumepata tofauti kumi na tisa: mlio wa tone la maji umepungua, kivuli cha kabati kimehamia upande wa pili, mfuko wa mtoto umepata kifungo ambacho haukuwa nacho. Kila jioni ninaiandika orodha kwa hati nadhifu na kumkabidhi mwanangu, naye huirekebisha nakala asubuhi inayofuata.

Nilidhani Rangi ataninunia, kwa kuwa makosa mengi ni ya mkono wake. Amekuja mwenyewe na kiti chake. "Babu, hicho kifungo nimekitia lini mimi? Naapa sikumbuki. Mkono umekitia wenyewe." Alikiondoa mbele yangu, kisha akatazama mahali palipobaki patupu kwa muda mrefu, na hakucheka. Huenda nilimpima haraka.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua. Chumba cha tano. Sawa nyingi.

Jumanne, 4 Novemba

Ninaandika baada ya alasiri.

Asubuhi tulifika chumba cha saba. Mkwe wangu alipoufungua mlango upande wake alicheka kidogo.

"Haya, Baba, tumefika kwa Mzee Kimya."

"Ndiye nani huyo?"

"Utamwona. Kila aliyeicheza gemu hii anamjua. Vyumba vyote vina mtu wa kukupa neno au ufunguo. Humu yumo mzee tu, na hata umsemeshe vipi, hajibu. Mimi nilibonyeza kitufe cha kusema mara arobaini. Mama ananiita nikale, namwambia subiri, huyu atageuka tu."

"Akageuka?"

"Wapi! Unatokea dirishani, safari inaendelea." Kisha akaanza kusoma kwa sauti yake ya darasani. "Dirisha kushoto. Vioo vinne, kimoja kijani."

"Sawa."

"Rafu ya vitabu. Ubao wa tatu umepinda."

"Sawa," nilisema, nikaisogelea skrini. Kioo cha kijani nilikitia mimi, cha kwanza kilipovunjika na dukani hakikuwepo cha rangi nyingine. Ubao wa tatu ulipindwa na vitabu vyangu vya sheria. Kilikuwa chumba changu cha kusomea, katika nyumba ile ile isiyo na paa leo.

"Mzee yuko kitini. Kofia nyeupe, kitabu mkononi. Ametupa mgongo, anatazama ukuta."

Nikaitazama skrini yangu. Mzee wa upande wangu hakuwa ametupa mgongo. Alikuwa ameuelekea mlango, kitabu kimefunikwa gotini, na uso wake ulikuwa uso ninaoukuta kwenye kioo kila ninapotawadha: ndevu hizi, kovu hili juu ya nyusi ya kushoto. Alikuwa akitabasamu kama mtu aliyemngoja mgeni wake siku nyingi.

"Baba? Nimesema mgongo."

"Sawa," nikasema.

Mkwe wangu akaendelea na zulia.

Jumatano, 5 Novemba

Yanipasa kuandika ukweli, angalau hapa.

Niliandika mwezi uliopita kwamba tulinuniana siku chache. Hatukununiana. Yeye hakununa hata siku moja. Niliyenuna ni mimi, na hazikuwa siku chache. Kila jioni alipotoka kazini alikuja mlangoni pa chumba kile, akasimama, akasema, "Shikamoo, Baba." Nami niligeuza kiti, nikainua kitabu. Kuitikia salamu ni wajibu. Nimewafundisha watoto wa watu jambo hilo kwa miaka thelathini. Yakaisha siku mama yake, Mola amrehemu, alipoanguka, tukalazimika kumbeba sote wawili, mmoja kichwani na mmoja miguuni. Tukasemezana kwa kuwa mgonjwa alihitaji maji. Kuhusu yaliyopita, hakuna aliyefungua kinywa hadi leo.

Na muda wote huo alikuwa akinichora.

Sasa watu nisiowajua, wengi kiasi gani sijui, wamesimama nyuma ya mgongo wangu wakibonyeza kitufe.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilijaribu kumuuliza Rangi bila kumuuliza. Nilimwambia kwamba picha za chumba cha saba ni nzuri.

Uso wake uling'aa. "Umemwona? Kwenye faili la zamani hana uso kabisa, Babu. Nikajua tu, Fundi alikuwa mdogo, pengine muda ulimwishia, akamwacha hivyo. Nikamhurumia yule mzee. Nikamgeuza. Na uso, samahani, nimeuiba kwako, unavyokaa pale barazani asubuhi. Fundi hajamwona bado, yeye yuko na sauti tu. Nimekosea?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningesema neno moja, ndiyo, naye angerekebisha kabla ya chai.

"Umechora vizuri, binti yangu," nikasema.

Jumatatu, 10 Novemba

Chumba cha kumi. Mvua haijakatika siku tatu. Nimetembea barazani kutoka nguzo hadi nguzo mpaka mkwe wangu akauliza kama nimepoteza kitu.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo katika swala ya alasiri nilisahau nimefika rakaa ya ngapi. Nikaanza tena, nikasahau tena.

Najitetea hivi: mgongo haukuwa sifa ya mchezo, ulikuwa dhambi yangu, na dhambi ikifutika ni heri. Aliyegeuzwa ni mimi; je, sina haki ya kugeuka? Kisha najijibu: ungegeuka mwenyewe, miaka ile, kwa shingo yako. Kugeuzwa na binti mchoraji asiyejua anachokifanya si toba. Na wanunuzi wameahidiwa kung'arishwa. Mtu akikuletea barua ya marehemu umkolezee wino, ukakuta ndani yake jina lako limetajwa kwa ubaya, je, utaandika zuri juu yake kisha uape kwamba hukuongeza kitu?

Nalijua jibu. Ningekuwa silijui, ningekuwa natulia.

Jumanne, 18 Novemba

Chumba cha kumi na tatu. Nimeona tofauti ya unywele mmoja katika paka wa jikoni, nikaiandika kwa ukali. Mwanangu aliisoma akasema, "Baba, wewe ni kiboko. Hakuna kitu kinachokupita." Niliomba ruhusa nikaenda kunawa uso.

Alhamisi, 20 Novemba

Mabati yamewasili kwangu, fundi hajawasili.

Jumatatu, 24 Novemba

Mkwe wangu amerudi kazini. Sasa tunafanya kazi mchana tu, akitoka shuleni. Leo, tukiwa chumba cha kumi na nane, aliacha kusoma.

"Baba, nikuulize? Zamani ukiona tofauti ulikuwa unafurahi kama umeokota kitu. Siku hizi ukisema 'sawa' unaisema kama mtu anayemeza dawa. Unaumwa?"

"Macho yanachoka."

"Macho," alisema, akarudi kusoma. Nimemfahamu mwanamke huyu kwa miaka kumi na moja nikamhesabu kuwa mcheshi. Mcheshi hasikilizi namna ile.

Ijumaa, 28 Novemba

Tumemaliza vyumba vyote ishirini na kimoja. Tofauti mia moja na kumi na mbili, zote zimerekebishwa. Wenzake mwanangu walipiga makofi. Wakala alikuja na keki, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Mwanangu ameandaa karatasi itakayoonekana mtu anapoufungua mchezo. Imeandikwa kwa maneno niliyomfundisha mwenyewe: *Nakala hii imelinganishwa na asili yake chumba kwa chumba, nami nashuhudia kwamba inaafikiana nayo.* Chini yake pana nafasi ya saini yangu. Nitatia saini Jumatatu, mbele ya wote.

Jumapili, 30 Novemba

Sikuweza kula. Nimesingizia keki.

Jumatatu, 1 Desemba

Saa nne asubuhi waliniita. Kalamu ilikuwa mezani, na karatasi, na Wakala alikuwa ameshika simu ili anipige picha nikitia saini. Rangi alikuwa ameninyooshea kola ya kanzu.

Nikasema, "Sitatia saini."

Wakala akashusha simu. "Kalamu haiandiki?"

"Kalamu haina kosa. Chumba cha saba. Katika asili, mzee ameupa mlango mgongo. Katika nakala mpya ameuelekea. Niliiona tofauti hiyo tarehe nne Novemba. Nilisema sawa."

Nilidhani kutakuwa na ghasia. Kilichofuata ni mvua tu juu ya mabati. Rangi alikuwa ameshika mdomo. Mwanangu alikaa mbele ya mashine, akakipita chumba cha kwanza mpaka cha sita kwa mwendo ambao sikujua kwamba vidole vya mtu vinauweza, akaufungua mlango wa saba. Akamtazama yule mzee anayetabasamu.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Na yule wa zamani?"

"Na yule wa zamani, Baba."

"Fundi, mimi sikujua!" Rangi alilia kabisa. "Nilidhani uso umesahaulika!"

"Hukukosea kuchora. Umechora vizuri sana."

Wakala alikuwa akitazama huku na huku kama mtu aliyeingia kwenye msiba asiojua ni wa nani. "Jamani. Kwani tatizo liko wapi? Mzee anageuka, anatabasamu, watu wamengoja miaka yote hiyo. Watalia kwa furaha!"

"Watalia kwa jambo ambalo halikutokea," nikamwambia. "Wewe umewaambia utang'arishwa. Ukitaka ageuke, basi ita kazi yako kuunda upya, useme mkono mwingine umepita humu. Usiuze hiki kwa jina la kile."

"Haya, basi ageuzwe arudi ukutani, dakika tano, utie saini twende."

"Haitoshi," nikasema. "Nimeficha moja. Hamjui kama sikuficha nyingine, na neno langu la kwamba sikuficha halina thamani leo. Vyumba vyote ishirini na kimoja vianzwe upya. Na akae mtu mwingine kitini pangu, mkitaka."

"Tarehe tano, Mzee! Tarehe tano ni Ijumaa!"

"Najua."

"Kwa ajili ya mgongo!"

Mwanangu aliinuka. Alimwambia Wakala kwa upole kwamba tarehe imekufa, awape wanunuzi habari leo, aseme ukweli, na kama kampuni itaudhika basi imuudhikie yeye. Wakala akatoka akizungumza katika simu zote mbili. Rangi naye akaenda kuosha uso. Tukabaki wawili.

Nilitaka kusema maneno niliyoyapanga tangu Ijumaa. Yakatoka mengine.

"Ulisimama pale muda gani?"

"Kwenye gemu?"

"Mlangoni pangu. Mimi nimejiambia siku chache, kwa miaka mingi, mpaka nikaamini."

Alifikiri, akihesabu kweli kweli, si kwa kunikomoa. "Nilianza kabla ya mvua za mwanzo. Mama alianguka mvua zilizofuata zilipokuwa zinaisha."

"Mwaka."

"Karibu."

Nikakaa.

"Sikumchora ili nikuaibishe," alisema. "Nilikuwa sijui kuchora kingine. Kila nikijaribu kumtia uso, nauona ni uwongo, nafuta. Halafu watu wakaanza kuniandikia barua. Mmoja alisema anakaa chumba kile kila siku kabla ya kwenda shule, anamsimulia yule mzee mambo yake. Hajibu, lakini pia hamfukuzi." Akatabasamu kidogo. "Kwa hiyo akirudi ukutani, Baba, sio kwamba nakuhukumu. Ni kwamba yupo."

"Arudi," nikasema.

"Siku moja tutaiunda upya, Rangi anavyotaka. Hapo tunaweza kumgeuza. Utatuambia aseme nini."

"Msimtie maneno kinywani. Hana ulimi yule. Mimi ninao."

Lakini sikuutumia. Alipigiwa simu, akatoka, nami nikabaki nimeketi mbele ya tabasamu langu.

Jumatano, 3 Desemba

Wanunuzi wametangaziwa. Wengi wamekasirika. Mkwe wangu amenisomea majibu wakati wa chai: mmoja ameandika kwamba angempenda mzee anayegeuka, mwingine, kwamba wakimgusa yule mzee atavunja mashine. "Umekuwa maarufu, Baba, na hata mgongo wako una wafuasi," alisema. Kisha, bila mzaha: "Siku ile ya chumba cha saba ulivuta pumzi kabla ya kusema sawa. Nilisikia. Nikasema nisikuharakishe."

Ijumaa, 5 Desemba

Ndiyo siku ambayo mchezo ungetoka. Rangi ameleta nakala yenye mgongo. Ameupangusa tu: mikunjo ya kanzu inaonekana, na shingo ngumu, ambayo zamani haikuonekana kwa ukungu wa picha. Kung'arisha hakupunguzi kitu. Nilimwambia ni kazi ya mtu mwenye uzito, naye akasema, "Babu, usinilize tena, nimechora siku mbili macho yamevimba kwa kulia."

Jumatatu, 8 Desemba

Mvua imepungua. Fundi wa paa amepatikana na anasema wiki mbili. Maana yake ni nne. Nilidhani mwanangu atamweka mtu mwingine kitini pangu. Ameniambia nijiandae kwa kesho asubuhi.

Jumanne, 9 Desemba

Jua, mara ya kwanza tangu Novemba. Mkwe wangu yuko shuleni akisahihisha mitihani, kwa hiyo kwenye mashine ya zamani ameketi mwanangu mwenyewe. Meza zinapeana migongo. Nilimwona nywele tu juu ya skrini, zenye mvi mbili tatu ambazo nilikuwa sijaziona.

Alikuwa ameshawasha, ameshafungua kinywa kusoma, nikasema, "Ngoja."

Nikaondoka mahali pangu. Nikakizunguka kile kiti na meza zote mbili, nikasimama pembeni mwa mlango, upande wake, mahali anaposimama mtu anayetaka kuingia. Nikamtolea salamu mimi kwanza, kama vile siku hiyo mdogo ni mimi. Akainuka, akaitikia, hajui aweke wapi mikono.

"Nilikosa, mwanangu," nikasema. "Si kwa sababu ya mchezo; huo ningeweza kuukataa nikiwa nimekutazama. Nilikosa kwa kukunyima jibu. Ulikuwa ukija na salamu, nami nilikuwa na jibu, nikalimeza kila siku. Na kile kitabu." Hapo nikamtazama machoni. "Kile kitabu sikuwa nikikisoma."

"Najua, Baba," alisema. "Hukuwa ukigeuza kurasa."

Kisha akanivutia kiti changu, akazunguka tena upande wake, na akaanza kusoma chumba cha kwanza.